Leza ya kukata chuma: usitazame kilowati peke yake

FUNDI anakata nyundo za mashine ya kusaga nafaka kutoka kwenye bamba la chuma. Asubuhi kingo zinatoka safi kama zimepigwa msasa. Baada ya saa moja ya kazi mfululizo, chuma kilichoyeyuka kinaanza kugandia upande wa chini, na kijana wa grenda anapata kazi ambayo haikuwamo kwenye bei aliyopewa mteja. Kilowati ni zilezile. Kilichobadilika ni mwale.

Wenye karakana wengi wanaotaka kununua mashine ya leza, hasa iliyotumika, huuliza kwanza ina kilowati ngapi. Swali si baya, ila halitoshi. Kinachokata chuma ni nguvu iliyobanwa kwenye doa dogo sana. Uwezo wa mwale kubanwa hupimwa kwa namba iitwayo M², ambayo Profesa Anthony Siegman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa miongoni mwa walioieneza kuanzia miaka ya 1990. Mwale usio na dosari una M² ya 1, na hakuna unaoshuka chini ya hapo.

Tufanye hesabu. Mwale wa leza ya nyuzi wenye upana wa milimita 10, ukipita kwenye lenzi ya milimita 150, hutoa doa la mikroni 20 hivi kama M² ni 1. Ikiwa 2, doa ni mikroni 40. Upana umezidi mara mbili, eneo limezidi mara nne, na kila sehemu ya chuma inapata robo tu ya makali. Pesa ya kilowati umelipa yote.

Joto nalo lina hila yake. Kioo kikinyonya asilimia 0.1 ya kilowati 3, ni wati 3 tu. Moshi na cheche zikikichafua hadi kinyonye asilimia 1, ni wati 30, na nyingi zinaishia katikati ya kioo. Hapo katikati panapata moto kuliko pembeni, kioo kinaanza kupinda mwanga zaidi ya ilivyokusudiwa, na doa linapanda kuelekea lenzi. Bamba limebaki palepale.

Wataalamu hufuata kanuni ya ISO 11146, inayotaka upana wa mwale upimwe sehemu zisizopungua 10, nusu karibu na doa na nusu mbali nalo. Wanapima mashine ikiwa baridi, kisha ikiwa imechemka. Hata wao hudanganywa, maana vioo vya kupunguza nguvu mbele ya kamera navyo hupata moto.

Fundi asiye na kamera achukue bamba chakavu, apige mistari mifupi kwa nguvu ndogo, akibadilisha kimo cha doa nusu milimita kila mstari, na kutia alama ule mwembamba kuliko yote. Arudie baada ya nusu saa ya kazi nzito. Ukiwa umehama, aanze kukagua kioo cha kinga, ambacho ni rahisi kuliko lenzi. Mlango wa mashine ufungwe. Mwale huu hauonekani na hupofusha.

Leza ya nyuzi hugeuza takriban theluthi moja ya umeme kuwa mwanga. Sehemu kubwa ya unaobaki ni joto la kuondolewa na maji ya kupoza. Walioko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wasiyaweke maji hayo baridi kupita kiasi. Umande utatua kwenye vioo kama unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Siku ya kununua, nenda na bamba lako nene, uombe likatwe kwa nguvu yote kwa saa nzima. Muuzaji anayekuonyesha bati jembamba kwa dakika tano hajakuonyesha mashine ikiwa na joto.