Miwani ya kazi isiyoshika ukungu: kinga ya macho msimu wa mpunga

Ukipita mashamba ya Ipinda, Ngonga na Kajunjumele kuanzia mwezi Mei, wakati mpunga umeiva, utaona kazi imepamba moto. Wapo wanaokata kwa mundu, wapo wanaopura juu ya turubai, na akina mama wanapepeta kwa ungo wakifuata upepo wa ziwa. Baada ya hapo mpunga huenda kwenye mashine za kukoboa, ambako vumbi la pumba hutanda tangu asubuhi hadi jioni. Katika hatua zote hizo mtu huulinda mgongo, mikono na hata miguu. Jicho huachwa wazi.

Na si kwamba watu hawajui kuwa kuna miwani ya kinga. Ingia kwenye mashine yoyote ya kukoboa, si ajabu ukamkuta kijana ana miwani, lakini ameipandisha kwenye paji la uso. Muulize sababu, atakujibu: "Inashika ukungu, sioni kitu." Jibu hilo ni la kweli. Miwani iliyopandishwa kwenye paji haimlindi mtu, na ndiyo maana nasema anayenunua miwani ya kazi katika wilaya kama Kyela asiangalie ugumu wa kioo peke yake. Aulize kwanza kama itaweza kukaa usoni saa nzima bila kufunga ukungu.

Tuanze na madhara yenyewe. Punje ya mpunga ina ganda gumu, lenye madini ya silika yale yale yaliyomo kwenye mchanga, na ncha yake ni kali. Ikirushwa wakati wa kupura, huweza kukwaruza konea, yaani ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho ambayo wengine huiita kioo cha jicho. Mkwaruzo wenyewe huenda ukawa mdogo na maumivu yakapungua siku ya pili. Lakini juu ya majani, makapi na udongo wanaishi fangasi wa aina nyingi, wakiwemo wale waitwao Fusarium na Aspergillus. Wakipenyezwa kwenye mkwaruzo huo huanza kula polepole. Baada ya siku kadhaa jicho linakuwa jekundu, linachukia mwanga, linatoa machozi, na doa jeupe linaonekana. Hicho ni kidonda cha konea. Kikipona vibaya huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati ya jicho, mwanga haupiti tena.

Allah (s.w.) katika Suratul Balad anayataja macho mawili miongoni mwa neema alizompa mwanadamu. Na wengi wetu tunaijua habari ya yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza kisha amtegemee Allah. Kwa mkulima wa mpunga, kuvaa miwani ni katika kumfunga ngamia.

Sasa, kwa nini miwani inashika ukungu, na kwa nini Kyela kuliko kwingine? Uso wa mtu anayefanya kazi hutoa jasho na joto, na pumzi yake imejaa mvuke. Mvuke huo ukigusa kioo chenye ubaridi kidogo hugeuka matone madogo sana, na matone hayo ndiyo ukungu. Mahali pakavu mvuke hupotea hewani upesi. Kyela iko chini kabisa kando ya Ziwa Nyasa, takribani mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa imeshiba unyevu, jasho halikauki, na kioo hakikauki. Waendesha bodaboda wanalijua jambo hili kwa namna yao: anayeteremka kutoka kwenye baridi ya Tukuyu kuja Kyela huona kioo cha kofia yake kinafunga ukungu kwa nje, kwa sababu kioo bado ni cha baridi na hewa ya huku ni ya moto yenye maji mengi.

Wapo watu waliolihangaikia tatizo hili kwa sababu ya mchezo tu. Huko Japani, na baadaye Ulaya na Marekani, kuna mchezo wa bunduki za bandia zinazofyatua vidonge vya plastiki vya milimita 6. Kanuni yao ya kwanza ni kwamba hakuna kuvua miwani mtu akiwa uwanjani, kwani kidonge kimoja chaweza kutoboa jicho. Nao hukimbia, hutoka jasho, na miwani hufunga ukungu kama yetu. Sina haja ya kuusifia mchezo huo, lakini dawa walizotumia zinatufaa: kupitisha hewa, kupaka kioo kitu kinachotandaza maji, au kuweka vioo viwili.

Kupitisha hewa ndilo jambo kubwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Miwani iliyoziba kila upande huonekana imara, lakini kwa joto letu itakushinda ndani ya dakika kumi. Ile yenye matundu yaliyonyooka hupitisha hewa vizuri sana, ila vumbi la pumba nalo linapita. Inayofaa mashineni ni ya katikati: imefunika jicho pande zote, lakini ina vidirisha vidogo juu na chini ambavyo njia yake imepinda, hivyo hewa inaingia na punje haiingii moja kwa moja. Itazame kwa pembeni kabla ya kulipa. Ukiona mwanga unapenya wazi kwenye tundu, vumbi nalo litapenya. Miwani ya namna hii ndiyo inayofaa pia kwa anayepulizia dawa za mimea.

Kwa anayepura au kupepeta shambani kwenye upepo, miwani nyepesi iliyojikunja hadi pembeni ya macho inatosha. Haikugandamani usoni, hewa inapita yenyewe, na ukungu si tatizo kubwa. Miwani ya jua ya mnadani haifai kwa kazi hii. Haizibi pembeni, na ikipigwa kwa nguvu huweza kupasuka ikawa yenyewe ndiyo iliyoingia jichoni. Kuna pia miwani ya wavu wa chuma isiyo na kioo. Hiyo haishiki ukungu kabisa, na wanaokata miti kwa msumeno wa mashine huitumia kuzuia vipande vya mti, lakini vumbi, makapi membamba na majimaji hupita. Kwa mpunga siishauri. Fundi wa kuchomelea naye asitegemee miwani nyeupe ya mpunga. Yeye anahitaji kioo cheusi maalumu cha kuzuia mwanga wa moto ule.

Kuhusu kioo chenyewe, tafuta plastiki iitwayo polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haivunjiki kirahisi. Soma alama zilizochapwa. Miwani iliyopimwa kwa kanuni za Marekani huandikwa Z87, na ikiwa na alama ya kujumlisha mbele yake, Z87+, imepimwa kwa mapigo makubwa zaidi. Ya Ulaya huandikwa EN 166. Kwenye kioo cha aina hii ya Ulaya ukiona herufi N, maana yake kimepimwa kuhimili ukungu, na K maana yake kinahimili kukwaruzwa na chembechembe. Namba 4 kwenye fremu inahusu vumbi la chembe kubwa, na namba 3 majimaji yanayoruka. Herufi zinaweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie hapo. Kipulizie kioo pumzi ya moto ukiwa dukani, upande wa ndani. Kizuri hakitafunga, au kitafunguka mara moja. Kisha ivae miwani hiyo, ukae nayo huku mkiendelea kupatana bei. Ikianza kukuziba ukiwa kivulini umesimama, huko mashineni itakuwaje?

Akina mama wana tatizo la kwao. Anayepepeta hujifunga mtandio puani na mdomoni kwa sababu ya vumbi, na hilo ni jema, lakini pumzi ikizuiwa chini hupanda juu na kuingia moja kwa moja kwenye miwani. Dawa yake ni kuupandisha ukingo wa juu wa mtandio hadi kwenye mgongo wa pua, ukaukunja mara mbili ili ukaze, halafu miwani ikakaa juu ya ukingo huo na kuukandamiza. Pumzi itatafuta njia ya chini. Vilevile kwa aliyevaa hijabu, miwani yenye mpira wa kuzunguka kichwa ni bora kuliko yenye mikono ya masikio, kwani mpira unapita juu ya nguo bila kuisogeza. Wanaotumia miwani ya kusomea au kuonea mbali wachague ile pana inayovaliwa juu ya miwani yao, na wakumbuke kuwa vioo vyote viwili vitahitaji kutunzwa.

Ama kutunza, miwani nyingi zenye rangi ya kuzuia ukungu huharibiwa na mkono wa mwenyewe. Mtu anafuta vumbi kavu kwa pindo la kanga au shati, na chembe zile zile za silika zinakwangua ile rangi. Mwagia maji kwanza, vumbi liondoke, ndipo upanguse kwa pamba au kitambaa laini. Usitumie petroli wala tina, hudhuru plastiki. Usitumie dawa ya meno, hukwaruza. Wapo wanaotemea mate ndani ya kioo kama wafanyavyo wapiga mbizi. Mate ya mtu si najisi, lakini yana vijidudu ambavyo havistahili kuwekwa karibu na jicho. Kama miwani yako haina rangi ya kiwandani, paka tone moja la sabuni laini upande wa ndani, liache likauke kidogo, kisha lipanguse mpaka kioo king'ae. Utando mwembamba unaobaki huyafanya maji yatandae badala ya kuwa matone. Usiache sabuni nyingi, jasho litaitelemsha jichoni.

Wakati mzuri wa kazi hiyo tunao tayari. Unapotawadha kwa ajili ya adhuhuri na alasiri unavua miwani kwa vyovyote. Ioshe hapo hapo kwa maji kidogo, iweke kivulini, na ukimaliza kuswali utaikuta imekauka. Udhu wenyewe huondoa vumbi usoni na kwenye kope, ingawa ndani ya jicho hatutakiwi kuosha.

Na kila mtu awe na yake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nchi yetu ilipata mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, ambao huenea kwa mikono na vitu vinavyoshirikiwa. Mwenye mashine anayenunua miwani moja wapokezane vibarua wanne amefanya nusu ya wajibu wake. Hao wamekuja kwake na macho mazima, na anapaswa kuwarudisha hivyo.

Ikitokea kitu kimeingia jichoni, usisugue. Pepesa macho, kisha mwagia maji safi mengi. Usitumie njiti, wala usimruhusu mtu akulambe kwa ulimi. Usitie maji ya majani, maziwa ya mama, wala asali. Asali ina heshima yake katika dini yetu, lakini asali ya chupa si dawa iliyotayarishwa kwa jicho lenye jeraha. Hatari zaidi ni matone ya dukani ya kuondoa wekundu yenye dawa ya steroidi kama deksamethasoni. Maumivu hupungua, mtu akadhani anapona, kumbe fangasi wameachiwa uwanja. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi wenye vidonda vya konea walifika wamechelewa. Dawa za fangasi wa jicho zipo, mojawapo ni matone ya natamaisini, lakini hufanya kazi vizuri kidonda kingali kidogo.

Basi jicho likiendelea kuuma, kutoa machozi au kuogopa mwanga siku inayofuata, nenda hospitali ya wilaya Kyela au ya Matema, na wakikuandikia rufaa ya Mbeya usiiahirishe mpaka mavuno yaishe. Ukifika kwa daktari, usiseme tu kuwa jicho linauma. Mwambie kilichoingia ni mpunga, siku uliyoumia, na dawa yoyote uliyokwisha kutia, hata kama ni ya majani na unaona haya kuitaja. Maelezo hayo ndiyo yatakayomfanya afikirie fangasi mapema.