Koleji za Mapadri Mashariki mwa Kongo

Mashariki mwa Kongo, koleji ni shule ya sekondari ya mkondo mrefu, inayomwandaa kijana kwa chuo kikuu, na aghalabu ni ya Kanisa Katoliki. Kwa miongo mingi ilikuwa ya wavulana pekee. Walimu walikuwa mapadri na mabruda, msimamizi wa masomo aliitwa prefe, na wanafunzi wengi walilala bwenini. Pacha wake ni seminari ndogo, yenye masomo yanayokaribiana na yake, ila lengo lake la kwanza ni kupata mapadri. Katika aina hizi mbili za shule ndimo walimopita sehemu kubwa ya makarani, walimu, maaskofu na wanasiasa wa kwanza wa Kongo.

Shule hizi haziko kila mahali. Salamabila, mji wa biashara na dhahabu katika teritori ya Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, umo ndani ya jimbo Katoliki la Kasongo. Jimbo hilo lilianza kama vikarieti mwaka 1952, likawa jimbo kamili tarehe 10 Novemba 1959. Mzazi wa Salamabila anayemtafutia mwanawe shule ya namna hii huelekeza macho Kasongo, makao ya askofu, au mbali zaidi, Kindu na Bukavu. Ili kuelewa kwa nini shule hizo ni chache na kwa nini zinatamaniwa, ni lazima kurudi kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika.

Seminari ya Mpala

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, walifika Mpala, magharibi ya Tanganyika, mwaka 1885. Askofu wao, Mbelgiji Victor Roelens, aliona kwamba wamisionari wa Ulaya wasingetosha kamwe kwa nchi kubwa kiasi hicho, tena walikuwa wakifa kwa homa. Mwaka 1899 akafungua hapo Mpala darasa la wavulana wachache waliofundishwa Kilatini. Mmoja wao alikuwa Stefano Kaoze. Kaoze alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, miaka 18 baada ya darasa lile kufunguliwa, akawa padri mzalendo wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Kabla ya hapo, mwaka 1910, maandishi yake kuhusu saikolojia ya Wabantu yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kwa Kifaransa.

Safari ya Kaoze inaonyesha mtindo uliofuatwa baadaye. Wanachukuliwa wavulana wachache, wanatengwa na vijiji vyao, wanasomeshwa miaka mingi kwa lugha za kigeni, na kila mwaka baadhi wanarudishwa nyumbani. Wanaobaki hadi mwisho ni wachache sana, lakini hata waliorudishwa walikuwa na elimu iliyozidi ya mtu mwingine yeyote katika nchi yao. Joseph Kasavubu, rais wa kwanza wa Kongo, ni mfano unaojulikana. Alisoma seminari ndogo ya Mbata-Kiela, akaendelea na seminari kuu huko Kasai, kisha akatoka bila kuwa padri, akawa mwalimu na karani.

Kasongo ilikuwa na historia nyingine. Huo ulikuwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na Waswahili wenzake, kituo cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa, mpaka jeshi la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji chini ya Francis Dhanis lilipouteka mwaka 1893. Uislamu na Kiswahili vilibaki. Shule ya misheni ilipokuja, ilikuja pamoja na katekisimu na ubatizo, kwa hiyo familia nyingi za Kiislamu zilisita kumpeleka mtoto. Kusita huko kuliwagharimu baadaye, kwa kuwa kazi za ofisini zilidai vyeti, na vyeti vilitoka misheni.

Serikali na Kanisa

Misheni ilipata nguvu hiyo kwa mkataba. Tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo, milki ya Leopold II, na Vatikano zilikubaliana kwamba misheni zipewe ardhi, nazo zifundishe. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikalipa ruzuku kwa misheni za Kikatoliki za Kibelgiji, huku za Kiprotestanti zikisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Sera yenyewe ilikuwa kueneza shule ya msingi kwa upana na kuizuia elimu ya juu. Kwa Mwafrika aliyetaka sekondari kamili, seminari ilikuwa karibu njia pekee. Ndiyo sababu mwaka 1960, uhuru ulipofika, mapadri wazalendo walikuwa mamia, ilhali walei wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa hawajafika hata 30.

Koleji zilizokuwepo mijini zilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1938 Wajesuiti walifungua Koleji ya Notre-Dame de la Victoire huko Bukavu, mji ulioitwa wakati ule Costermansville, kwenye mwambao wa Ziwa Kivu. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa masetla, maofisa na wafanyabiashara wa Ulaya. Mageuzi ya elimu ya mwaka 1948 yaliruhusu humanite kamili, yaani sekondari ya mkondo mrefu, kwa Wakongomani, na katika miaka ya 1950 milango ya shule za Wazungu ikaanza kufunguliwa kwa wachache. Kwanza familia ilikaguliwa: mtoto analala wapi, nyumbani kunazungumzwa lugha gani, usafi ukoje.

Baada ya uhuru, koleji ile ya Bukavu ikawa ya Wakongomani wenyewe. Rais Mobutu alipotangaza siasa ya kurudi kwenye uasili, majina ya Ulaya yaliondolewa, na Notre-Dame de la Victoire ikaitwa Alfajiri. Huko Lubumbashi, koleji ya Wasalesiani ikaitwa Imara. Huko Kinshasa, koleji ya Wajesuiti iliyokuwa na jina la Mfalme Albert I ikaitwa Boboto, yaani amani kwa Kilingala. Hivyo shule zilizojengwa kumfungia mwenyeji nje ziliishia kubeba majina ya Kiswahili na Kilingala.

Tarehe 30 Desemba 1974 serikali ilizitaifisha shule zote za makanisa. Somo la dini likafutwa, na mafundisho ya chama cha Mobutu yakachukua nafasi yake. Haikupita miaka mitatu kabla serikali haijaelemewa na mzigo, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba na makanisa. Mkataba huo ndio msingi wa hali ya leo. Shule nyingi zinazoitwa za Kikatoliki ni shule za mkataba: serikali huweka mtaala, mitihani na mishahara, na Kanisa huongoza shule na kuchagua wakuu wake kupitia ofisi ya uratibu ya jimbo. Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu nao wana shule za namna hiyo. Kwa hiyo koleji ya Kongo si shule binafsi kamili. Iko kati ya mali ya umma na mali ya Kanisa.

Masomo na maisha ya kila siku

Kwa sheria ya elimu ya mwaka 2014, mtoto husoma miaka 8 ya elimu ya msingi, 6 ya shule ya msingi na 2 ya sekondari, kisha miaka 4 ya humanite. Katika humanite huchagua mkondo: Kilatini na falsafa, hisabati na fizikia, biolojia na kemia, ualimu, biashara na mingineyo. Kilatini na falsafa ndio mkondo wa asili wa seminari, na hisabati na fizikia umekuwa fahari ya koleji nyingi. Sare ni ile ya nchi nzima, shati jeupe na suruali ya buluu. Mwaka huanza Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Julai kwa kutangazwa matokeo hadharani. Wazazi hukusanyika, na majina husomwa kwa mpangilio wa asilimia mbele ya kila mtu.

Wajesuiti huja na mbinu yao wenyewe. Mpango wao wa masomo, Ratio Studiorum, ulitolewa mwaka 1599, na dalili zake bado zinaonekana: mwalimu kuufungua mlango wa somo kabla ya mwanafunzi kulisoma peke yake, marudio ya mara kwa mara, mijadala, maigizo, mashindano baina ya makundi ya darasa, na kumjua kila kijana kwa jina na tabia yake. Mwaka 1973, akihutubia wahitimu wa shule za Wajesuiti huko Valencia, mkuu wa shirika Pedro Arrupe aliwataka wawe watu wanaoishi kwa ajili ya wengine. Tangu hapo huduma kwa maskini imekuwa sehemu ya malezi. Bwenini na seminarini kengele ndiyo inayotawala siku: misa, masomo, kazi ya mikono shambani, michezo, saa ya kujisomea kimya kimya, kulala.

Wasichana walijengewa shule zao, zikiongozwa na masista. Lise Wima ya Bukavu ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Duniani, shule nyingi za Wajesuiti zilizoanza kama za wavulana sasa hupokea jinsia zote mbili, lakini seminari ndogo, kwa lengo lake, imebaki ya wavulana.

Gharama na usalama

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu iliporomoka, na wazazi wakakubali kulipa nyongeza ili mwaka wa shule usipotee. Utaratibu huo wa muda uligeuka kuwa desturi. Mwaka 2019 serikali ilifanya shule ya msingi kuwa ya bure, lakini sekondari haikuguswa. Kwa mchimbaji wa Salamabila, anayepata fedha leo na kukosa kesho, karo ya koleji pamoja na bweni ni ahadi ya miaka 6 isiyolingana na kipato chake. Mgodi wa viwandani wa Namoya, ulio kando ya mji, ulisimamisha kazi mwaka 2019 baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha. Mashimo ya wachimbaji wadogo yaliendelea, na yanawavuta wavulana wa umri ule ule ambao koleji ingewachukua.

Vita navyo vimeingia ndani ya shule zenyewe. Mwaka 1994 viwanja vya Alfajiri viligeuka kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda. Askofu Mkuu wa Bukavu wakati huo alikuwa Mjesuiti, Christophe Munzihirwa, aliyekuwa askofu wa Kasongo kabla ya hapo. Alisema waziwazi juu ya wakimbizi na vita mpaka alipouawa barabarani mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Februari 2025 Bukavu ilitekwa na waasi wa M23, na kumtuma kijana wa Maniema kusoma huko kumekuwa suala la usalama pamoja na la fedha.

Mtihani wa mwisho

Miaka yote hiyo huishia kwenye Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967 na kuitwa na wanafunzi Exetat. Hufanywa kwa maswali yale yale nchi nzima, Kinshasa na Kabambare sawia, na diploma yake ndiyo ufunguo wa chuo kikuu, kama Chuo Kikuu cha Kindu au Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu kilichoanza mwaka 1989. Hapo sifa ya shule hupimwa, na koleji za mapadri hutarajiwa kufaulisha karibu kila mtu. Matokeo yakitoka, aliyefaulu hupakwa poda nyeupe kichwani na kuzungushwa mtaani kwa nyimbo. Poda hiyo ni ya kila shule. Mvulana wa Salamabila aliyesomea karibu na nyumbani hupakwa sawa na yule wa Alfajiri, ikiwa shule yake ilikuwa na walimu wa kumfikisha.