Bukavu: Likilimba, parseli ao hisa? Kila mtu na namna yake ya kukuza feza

Katika komine ya Bagira, swali la mahali pa kuweka feza linaleta mabishano ndani ya jamaa nyingi. Mama anataka kuendelea na likilimba. Baba anatafuta parseli. Kijana aliyemaliza masomo anazungumzia hisa, zile ambazo wengi hapa wanaita aksio. Kila mmoja anaona mwenzake hajui hesabu.

Mwezi wa pili 2025 uliwapima wote. Waasi wa AFC/M23 walipoingia Bukavu, banki zilifunga milango na wenye akiba humo wakashindwa kuitoa. Bohari za vyakula ziliporwa. Likilimba ambayo memba wake wamekimbia, zamu zake zinakatika. Mwenye parseli alibaki na udongo wake, lakini udongo hauliwi, na wakati wa vita mnunuzi ni shida kumpata. Hakuna njia iliyoshinda zingine zote.

Kuhusu hisa, Kongo haina soko lake. Lakini hisa haziko mbali na sisi kama tunavyofikiri. Equity BCDC ni ya kundi la Equity, na TMB iko mikononi mwa KCB tangu mwisho wa 2022. Hisa za makampuni hayo mawili ya Kenya zinauzwa kila siku ya kazi katika soko la Nairobi. Hata zahabu ya Twangiza, huko Mwenga, ilikuwa na wenye hisa wa mbali: kampuni ya Banro iliuza hisa zake Toronto. Madeni yaliizidi, ikaomba ulinzi wa mahakama nchini Kanada, na mwaka 2018 wenye hisa wa zamani walibaki mikono mitupu. Aliyeweka feza yake yote humo alipoteza yote.

Safaricom ya Kenya inaonyesha upande mwingine. Mwaka 2008 iliuza hisa kwa wananchi, moja shilingi 5. Siku za kwanza bei ilipanda, na wengine wakauza haraka. Kisha ikashuka chini ya bei ya kununulia. Waliovumilia waliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Ni nani alikuwa na akili? Aliyeuza mapema kwa kulipa masomo ya mtoto alipata alichokihitaji. Aliyengoja miaka 13 alikuwa na chakula kutoka kwingine. Hisa ni moja, lakini maisha ya wawili hao hayafanani.

Ndiyo maana, mbele ya kuiga jirani, inafaa mtu ajiulize mambo matatu. Feza hii nitaihitaji lini? Ikipungua nusu, nitaweza kulala usingizi? Na nani atakosa chakula ikipotea? Feza ya nyumba na ya shule za watoto haitakiwi kuingia katika hisa, kwa sababu siku ya kuihitaji bei inaweza kuwa chini. Mama anayeuza ndagala, ambaye mtaji wake unazunguka kila juma, ana sababu nzuri ya kupenda likilimba. Mwenye mshahara na miaka mingi mbele yake anaweza kungoja.

Kuheshimu njia ya mwingine si kukubali kila kitu. Wazee wanakumbuka Bindo ya Kinshasa: watu waliahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi, na mwaka 1991 yote ikaanguka. Anayeahidi faida bila hatari hana njia yake ya kukuza feza. Anatafuta ya kwako.

Kwa jamaa ya Bagira, mabishano yanaweza kugeuka kuwa mapatano: likilimba ya mama kwa mahitaji ya karibu, parseli ya baba kwa watoto, na kijana aanze na kiasi kidogo ambacho kikipotea, nyumba itaendelea kupika. Siku njia moja ikifungwa, kama banki zilivyofungwa, nyingine inaweza kubaki wazi.