Gombo Jipya, Kuukuu au la Kuazima?

Huku kwetu Kibakwe, mkoani Dodoma, ngozi ya mbuzi haijamtajirisha mtu. Lakini ngozi hiyohiyo ikitayarishwa, ikaunganishwa na kuandikwa Torati kwa mkono, Wayahudi huiuza kuanzia takriban dola 30,000 za Marekani, na yapo magombo yanayopita 60,000. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, bei inaanzia milioni 75.

Kinacholipiwa ni mkono. Gombo lina herufi 304,805, na mwandishi aliyesomea kazi hiyo huziandika kwa kalamu ya unyoya na wino mweusi, akinakili kutoka kwenye maandishi mengine wala si kwa kukumbuka. Humchukua mwaka mzima au zaidi. Herufi moja ikikosekana, au ikigusana na jirani yake, gombo halisomwi mbele ya watu mpaka lirekebishwe.

Gombo kuukuu laweza kupatikana kwa nusu ya bei hiyo, hata chini yake. Hapo mnunuzi awe macho. Wino mkavu hubanduka, mishono huachia, na ukaguzi wa mwandishi hulipiwa kando. Siku hizi gombo hupigwa picha na kompyuta husaka herufi zilizopotea, ila uamuzi hubaki kwa mtu. Mimi ningechagua kuukuu lenye cheti cha ukaguzi wa karibuni kuliko jipya la bei poa ambalo mwandishi wake hajulikani.

Kuna pia la kuazima. Mwaka 1964 magombo 1,564 ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia, ambao wengi wao waliuawa na Wanazi, yalisafirishwa kutoka Prague hadi London. Mfuko unaoyatunza huyakopesha kwa muda mrefu kwa makusanyiko ya nchi nyingi. Mengi hayasomeki tena, huwekwa kwa kumbukumbu. Anayetaka la kusomea kila Sabato aulize hilo kwanza.

Torati ya kitabu kilichochapwa ni makumi ya dola tu. Abayudaya, Wayahudi wa karibu na Mbale, Uganda, waliomfuata kiongozi wao Semei Kakungulu kuingia Uyahudi mwaka 1919, walianza na Biblia ya kuchapwa. Leo wana magombo. Na hata mwenye gombo hakikwepi kitabu: gombo halina alama za irabu wala za kuimbia, kwa hiyo msomaji hujifunza fungu lake kitabuni kabla ya kusimama.

Baada ya kununua kuna matunzo, na hapa ndipo ninapowaheshimu Wayahudi zaidi. Gombo hufungwa mshipi na kuvishwa joho la kitambaa. Wayahudi wa asili ya Iraki na Yemeni hulitia katika kasha gumu la mbao au madini. Hukaa kabatini, watu husimama linapotolewa, na wengi huligusa kwa ncha ya shuka la sala kisha wakaibusu ncha hiyo. Kidole kitupu hakigusi ngozi. Msomaji hufuata mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, ingawa cha mbao kinatosha. Likianguka, ni desturi watu kufunga saumu. Likichakaa kabisa, huzikwa.

Waislamu wa Kibakwe wataitambua heshima hiyo: msahafu haushikwi bila udhu, wala hauwekwi chini. Sisi Wakristo tunanunua Biblia nzuri ya mimbarini, kisha tunaiacha dirishani ipigwe jua na vumbi la kiangazi, mchwa wakimalizia. Kamati ya kanisa inayokwenda Dodoma kununua Biblia iteue ya jalada gumu na maandishi makubwa, hata ikiwa ghali, kwa kuwa mzee wa kanisa ataisomea kwenye mwanga hafifu. Itenge na fedha ya kabati lenye kufuli, ambalo seremala wa hapahapa analiweza, na kitambaa cha kuifunika. Ikibaki chenji, inunue nakala ya pili, ndogo ya bei nafuu, ya msomaji kwenda nayo nyumbani tangu Jumatano ajiandae kwa Jumapili.