Dhima ya Mwenye Silaha Nyumbani

Je, mwenye bunduki huwajibika kisheria endapo jamaa yake mwenye maradhi ya akili ataitumia kuua? Suala hili lilijitokeza Oxford, jimbo la Michigan, Marekani. Mnamo tarehe 30 Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne kwa bastola aliyonunuliwa na babaye siku nne awali. Mwaka 2024, wazazi wake walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Kosa halikuwa kumiliki silaha, bali kutoidhibiti ilhali dalili za msukosuko wa akili za mwana wao zilikuwapo. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, nayo humtaka mmiliki aihifadhi silaha isimfikie asiyeruhusiwa. Kuifungia silaha, basi, ni wajibu wala si hiari.