Wosia wa mwenye mali pande mbili za Ruvuma

MTU wa Macaloe anayefanya biashara na Mtwara huwa na mali iliyotawanyika. Nyumba na minazi viko kisiwani, dau liko majini, mzigo uko kwa mteja ng'ambo ya Ruvuma na fedha ziko kwenye simu. Akifariki ghafla, kila kipande kinaangukia sheria yake, na ndugu wanaogombana hawajui hata waende kwa nani.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia. Maelfu ya watu wa pwani ya Cabo Delgado walikimbia. Wengi walikwenda Pemba na Nampula, wengine walivuka kuingia Tanzania. Aprili 2019 kimbunga Kenneth nacho kikabomoa nyumba. Waliorejea, wengi wamerejea bila cheti wala hati, na wapo ambao ndugu zao hawajulikani kama ni hai au la.

Tuanze na ardhi. Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya Taifa, haiuzwi. Anachokuwa nacho raia ni haki ya kuitumia, inayoitwa DUAT, kwa Sheria ya Ardhi Na. 19 ya mwaka 1997. Haki hiyo hurithiwa, na sheria haibagui mwanamume na mwanamke. Aliyekaa kwa mujibu wa mila, au raia aliyetumia eneo kwa nia njema kwa miaka 10, anayo haki hata kama hana karatasi, na ushahidi wa wanakijiji unakubalika. Kwa hiyo anayerejea mikono mitupu hajapoteza haki yake. Lakini mashahidi nao huzeeka na kuhama, na ni vema maneno yao yakaandikwa mapema.

Mirathi yenyewe inaongozwa na Sheria Na. 23 ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya kanuni za Kireno za mwaka 1966. Katika kanuni zile mke alikaa nyuma ya watoto, wazazi na hata ndugu wa marehemu! Njia za kawaida za wosia ni mbili: notário auandike katika kitabu chake, au mwenye mali auandike mwenyewe kisha notário authibitishe. Hata hivyo mtu hawezi kugawa vyote apendavyo. Warithi wa lazima, wakiwamo watoto, wana fungu lao lisiloguswa.

Waislamu, ambao ndio wengi pwani hii, wana hesabu nyingine. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yao. Mrithi haongezewi kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie.

Ugomvi mkubwa huzuka pale marehemu alipokuwa na mke Macaloe na mwingine Mtwara. Kwa sheria ya dini, marehemu akiacha watoto, wake wote wawili hugawana thumuni moja. Kwa sheria ya Msumbiji ndoa ya mitala haitambuliwi, hivyo mke wa pili anaweza kutoka bila kitu, ingawa watoto wake wana haki sawa na wenzao. Mume anayejua hivyo na kunyamaza anamwachia mjane kesi. Anaweza kumwandikia mke huyo kutoka katika sehemu ambayo serikali inamruhusu kuigawa, na akapata ridhaa ya familia angali hai, maana hapo wosia wa serikali na masharti ya dini hayatagongana.

Upande wa Tanzania, maombi ya usimamizi wa mirathi ya Kiislamu na ya kimila hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. RITA, wakala ulioanza mwaka 2006, huandika na kuhifadhi wosia. Wosia wa kimila ulioandikwa, kwa tangazo la mwaka 1963, unahitaji mashahidi wasiopungua wawili ikiwa mwandishi anajua kusoma, na wanne ikiwa hajui.

Kisha kuna amana, na hapa wafanyabiashara wengi hujidanganya. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Basi mtu ananunua kiwanja kwa jina la shemeji na kuiita amana. Kwenye karatasi kiwanja ni cha shemeji. Shemeji akitangulia kufa, kitagawiwa watoto wa shemeji, na mwenye fedha atasimama mahakamani akidai kitu ambacho sheria haikumruhusu kuwa nacho. Afadhali fedha hizo zibaki katika dau na mzigo, vitu ambavyo mgeni anaweza kumiliki waziwazi.

Wakfu ni jambo jingine. Aliyeweka minazi kwa ajili ya msikiti hawezi kuirudisha, wala wanawe hawairithi. Asiweke wakfu kwa hasira ya kuwakomesha ndugu.

Kwa wenye ndugu waliopotea, kanuni za kiraia za Msumbiji huhitaji kwa kawaida miaka 10 tangu habari za mwisho kabla mtu hajatangazwa kuwa amekufa. Kabla ya hapo mahakama inaweza kuteua mtu wa kutunza mali. Mjomba anayeuza dau la aliyepotea mwaka wa pili anauza mali ya mtu ambaye kisheria bado yu hai.

Lipo na daftari la madeni. Mzigo wa mkopo kutoka Mtwara hulipwa kabla mrithi hajapata senti. Andika unachodai na unachodaiwa, jina la mdai, tarehe na sarafu, metikali au shilingi, na mwonyeshe mke daftari linapokaa.