Mandolini: Ngoma Yenye Nyuzi Nane

Bendi ya jadi ya blugrasi, muziki wa vijijini wa Marekani, haina ngoma. Ina mandolini, banjo, gitaa, fidla na besi kubwa ya kusimama, basi. Lakini sikiliza rekodi za Bill Monroe za mwaka 1946 na 1947: kila besi inapodunda, nyuma yake hufuata pigo kavu na fupi linalofanya mguu wa msikilizaji uanze kucheza bila ruhusa. Hakuna mtu aliyejificha nyuma ya pazia na vijiti. Ni Monroe mwenyewe na mandolini yake, anazichapa nyuzi kwa mkupuo mmoja na kuzinyamazisha hapohapo kabla hazijapata nafasi ya kulia.

Somo la mandolini ya Kimarekani linaanzia hapo, ingawa wanafunzi wengi hawapendi kuambiwa hivyo. Mtu hununua mandolini kwa sababu amemsikia Chris Thile au Sierra Hull akipiga solo ya kasi isiyofuatika, naye anataka afike huko mapema iwezekanavyo. Anajifunza tuni mbili tatu, anazikimbiza, kisha anakwenda kukaa na wenzake na kugundua kwamba katika wimbo wa dakika tatu zamu yake ya solo haifiki hata dakika moja. Muda wote uliobaki hana la kufanya. Wenzake wanamwangalia.

Monroe alizaliwa tarehe 13 Septemba 1911 karibu na kijiji cha Rosine, jimbo la Kentucky, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Kaka zake Birch na Charlie walikuwa wameshajitwalia fidla na gitaa. Mdogo akaachiwa mandolini, tena kwa sharti afunge nyuzi nne tu badala ya nane, asije akawapigia kelele. Kama kuna mtu aliyewahi kulipiza kisasi kwa muziki, ni yeye. Alifiwa na wazazi wote wawili kabla hajawa mtu mzima, akalelewa na mjomba wake Pendleton Vandiver, mpiga fidla maarufu wa dansi za vijijini, ambaye kijana alikuwa akimfuata na kumpigia kiitikio. Katika sehemu hizohizo aliishi Arnold Shultz, Mmarekani Mweusi aliyepiga gitaa na fidla. Monroe alipiga naye kwenye dansi, na hadi uzeeni alimtaja kuwa mmoja wa waliomtia bluzi kichwani.

Jambo hilo mara nyingi husahauliwa. Picha iliyozoeleka ni ya Wazungu wa milimani waliovaa kofia pana, lakini mandolini ilipigwa pia na Weusi wa kusini mwa Marekani, na kwa ustadi mkubwa. Yank Rachell wa Brownsville, Tennessee, alirekodi bluzi kwa mandolini tangu mwaka 1929. Mwenyewe alisimulia kwamba mandolini yake ya kwanza aliipata utotoni kwa kubadilishana na nguruwe aliyepewa na mama yake. Anayetaka kuelewa kwa nini Monroe huziparuza nyuzi kwa ukali na kuzipindisha sauti upande wa huzuni, amsikilize Rachell kwanza.

Oktoba 1939 Monroe na bendi yake, Blue Grass Boys, waliingia kwenye kipindi cha redio cha Grand Ole Opry huko Nashville wakiwa na "Mule Skinner Blues", wimbo wa Jimmie Rodgers. Mwishoni mwa mwaka 1945 akajiunga Earl Scruggs na banjo yake ya vidole vitatu. Pamoja na Lester Flatt kwenye gitaa, Chubby Wise kwenye fidla na Howard Watts kwenye besi, muziki ukapata umbo ambalo hata leo bendi nyingi hazithubutu kulibadilisha. Jina la bendi likageuka kuwa jina la muziki wenyewe.

Chombo chenyewe kinahitaji maelezo kidogo. Mandolini ya Kiitalia iliyoingia Marekani karne ya 19 ilikuwa na mgongo wa mviringo. Orville Gibson, fundi wa Kalamazoo, Michigan, akaja na wazo jingine: kuuchonga uso na mgongo kutoka kwenye ubao mzima, vikiwa na mwinuko kidogo kama fidla. Alipata hataza yake mwaka 1898. Mwaka 1922 kampuni iliyobeba jina lake ikatoa modeli ya F-5 chini ya usimamizi wa Lloyd Loar. Badala ya tundu moja katikati ya uso, F-5 ilikuwa na matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f. Loar aliondoka mwishoni mwa mwaka 1924, na mandolini zilizotiwa sahihi yake si nyingi. Moja, ya tarehe 9 Julai 1923, ilikuwa ikiuzwa katika duka la kinyozi huko Miami katika miaka ya 1940. Monroe aliinunua kwa dola 150 na kuipiga karibu nusu karne. Mwaka 1985 mtu asiyejulikana aliingia nyumbani kwake na kuivunjavunja, mafundi wakaiunganisha kibanzi kwa kibanzi, akaendelea nayo. Leo F-5 ya Loar huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Nyuzi ni nane, lakini zimepangwa jozi nne, kila jozi ikiwa na sauti moja: G, D, A na E, kuanzia nene hadi nyembamba. Ni mpangilio uleule wa fidla, na hilo ni bahati kubwa kwa mwanafunzi, kwa sababu hazina yote ya tuni za fidla za Marekani inakaa chini ya vidole vyake bila kugeuzwa kitu. Vidole vyenyewe hupangwa kwa desturi ya fidla, si ya gitaa. Kwenye gitaa kila kidole hupewa freti moja, yaani nafasi moja kati ya vijiti vya chuma vya shingoni. Kwenye mandolini freti zimekaribiana sana, hivyo kidole kimoja husimamia freti mbili. Cha shahada hushika ya 1 na 2, cha kati ya 3 na 4, cha pete ya 5 na 6, na kidogo hunyooka hadi ya 7. Mpiga gitaa anayehamia mandolini hulazimika kusahau kwanza, na kusahau humchukua muda mrefu kuliko kujifunza.

Halafu kuna maumivu. Nyuzi ni za chuma, ziko mbili mbili, na zimekazwa sana. Wiki za mwanzo ncha za vidole huwaka mpaka zifanye sugu. Vipindi vifupi kila siku hufaa kuliko saa nzima siku ya Jumapili.

Mkono wa kulia ndio wenye kazi kubwa. Risha inayotumika ni nene na ngumu, ya unene wa milimita 1.2 hadi 1.5 hivi, kwa kuwa risha laini ya gitaa hujikunja na kutoa sauti ya mbofyo. Hulazwa ubavuni mwa kidole cha shahada na kushikwa na dole gumba, bila kubanwa. Msogeo hutoka kwenye kifundo cha mkono, si kwenye bega. Kanuni ya mwelekeo haina msamaha: pigo zito hushuka, pigo jepesi lililo kati yake hupanda. Chini, juu, chini, juu, hata pale nyuzi zinaporukwa. Anayevunja kanuni hii kwenye tuni ya polepole haoni madhara yoyote. Kasi ikipanda, mkono unajikwaa, na kwa kawaida lawama huangukia mkono wa kushoto usio na kosa.

Sasa turudi kwenye lile pigo kavu, ambalo wapigaji wenyewe huliita chopu. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Besi hupiga moja na tatu. Mandolini hupiga mbili na nne. Siri iko kwenye mkono wa kushoto: mara tu nyuzi zinapochapwa, vidole hulegea bila kubanduka, sauti ikakatika. Ndiyo maana kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za mwanzo ambazo kila kitabu hufundisha hazifai hapa. G ya vidole viwili, kwa mfano, huacha jozi za G na D wazi, na ukilegeza vidole hizo huendelea kulia. Ni kodi nzuri kwa kuimba nyumbani, lakini kwa chopu zinahitajika kodi zilizofungwa, ambazo kila uzi unaopigwa una kidole juu yake.

Iliyo maarufu zaidi ni G ya 7-5-2-3: freti ya 7 kwenye jozi ya G, ya 5 kwenye D, ya 2 kwenye A na ya 3 kwenye E. Mwanafunzi akiiona mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Mkono unapasuka. Lakini baada ya miezi michache ya kuinyoosha taratibu hukaa, na malipo yake ni makubwa: sogeza umbo lote freti mbili, umepata A, mbili tena, umepata B. Kwa C na D liko umbo dogo la jozi tatu nene: 5-2-3 ni C, 7-4-5 ni D, jozi ya E ikiachwa bila kupigwa. Kwa maumbo hayo mawili mtu anaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za blugrasi, tena katika ufunguo wowote, yaani kimo chochote cha sauti. Mpiga gitaa na mpiga banjo hubana shingo za vyombo vyao kwa kibanio ili wabadili ufunguo. Mpiga mandolini husogeza mkono tu.

Mandolini haina pumzi. Uzi ukipigwa, sauti yake hufa upesi, na katika wimbo wa taratibu hilo ni tatizo. Jibu la Waitalia, ambalo Wamarekani walilirithi, ni tremolo: risha kwenda chini na juu haraka hadi sauti zishikane. Wanaoanza huifanya kwa kukaza misuli, matokeo yake ni kutetemeka. Tremolo nzuri hutoka kwenye mkono uliolegea, na huanza polepole kama zoezi lolote lile.

Mpiga mandolini Jesse McReynolds alitafuta njia nyingine ya kujaza ukimya huo. Aliigiza mzunguko wa banjo ya Scruggs kwa risha moja, akiruka kutoka jozi hadi jozi. Ni mbinu ya kupendeza, na ni ngumu kiasi kwamba hata wataalamu wengi wanaipitia pembeni.

Kuhusu tuni za kuanzia, hakuna ubishi mkubwa: "Boil Them Cabbage Down", "Angeline the Baker", "Old Joe Clark", "Soldier's Joy". Nyingi zina sehemu mbili, kila moja ikipigwa mara mbili kabla ya kwenda kwa nyingine, na mara nyingi ziko katika D, A au G. Zilipitishwa kwa masikio kutoka kwa mpiga fidla mmoja hadi mwingine, na masikio ndiyo njia bora mpaka leo. Maandishi ya namba za freti yapo kila mahali na yanasaidia, lakini anayeyategemea peke yake huishia kukumbuka namba badala ya tuni. Afadhali kwanza uimbe au upige mluzi tuni nzima bila chombo, ndipo vidole vianze kuitafuta.

Marekani watu hujifunza zaidi kwenye miduara ya wapigaji, vibarazani, kwenye tamasha na kumbi za vijiji, kuliko darasani. Miduara ni ya aina mbili, na mgeni akichanganya ataona aibu. Ile ya muziki wa kale wa vijijini humtaka kila mtu apige tuni kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, bila solo. Hapo mandolini yenye tundu moja la umbo la yai, yenye sauti tamu na ndefu, hupendwa zaidi. Kwenye duara la blugrasi zamu hupita kwa kupeana jicho. Mwimbaji akifungua mdomo, wote hushusha sauti. Banjo ikichukua solo, mandolini hurudi kwenye chopu. Aliyeanzisha wimbo akiinua mguu, ujue mwisho umefika.

Wanunuzi huhangaika sana na umbo. Ile yenye pembe na mkunjo begani, mtindo wa F, inapendeza kwa sababu Monroe aliishika. Mtindo wa A, wenye umbo la tone, hauna mapambo hayo na kwa ubora uleule huwa wa bei nafuu zaidi, huku tofauti ya sauti ikiwa ndogo. Kwa fedha ya mwanzo, A yenye uso wa mbao halisi za sprusi, ya chapa ya Eastman au Kentucky kwa mfano, ni ununuzi wa busara kuliko F ya mbao za kubandikwa. Kidaraja kinachobeba nyuzi hakikugundishwa. Kinakaa kwa mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo nyuzi zibadilishwe moja moja, zisiondolewe zote kwa pamoja.

Ukishaipata, acha solo kando kwa mwezi mmoja. Washa metronomu ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige G, C na D kwa maumbo yaliyofungwa, chopu kwenye mbili na nne. Kisha tafuta "Blue Moon of Kentucky" ya Monroe ya mwaka 1946 upige pamoja nayo. Hiyo iko katika mapigo matatu, si manne kama Elvis Presley alivyoifanya mwaka 1954, kwa hiyo besi itapiga moja na wewe utapiga mbili na tatu.